Ngazi Iliyong'olewa

Rafiki yangu ni dalali wa nyumba, mdomo wake hauna breki. Lakini siku hizi mteja akiingia ndani, yeye hubaki nje. Nilipombana, alinisimulia haya, akaishia hapa nitakapoishia.

Alimpeleka mama mmoja wa makamo kuona nyumba ya kale iliyokarabatiwa, kwenye mtaa unaogombewa. Mafundi waliing'oa ngazi ya mbao, wakaziba pale kwa ukuta, wakajenga ya zege upande wa pili. Walipokuwa sebuleni, umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa bado yamezibwa kwa makaratasi yasichafuliwe na rangi, giza likawa totoro.

Akamsikia mama akipanda. Mbao zikalia kwii, kwii, polepole.

"Afadhali mmeiacha hii ngazi," mama akasema kutoka juu. "Ya zege ingeniua magoti."

Dalali akawasha tochi ya simu. Akaona ukuta mweupe mtupu, na mkoba wa mama umeegemezwa chini yake.

"Mama, shuka taratibu," akasema.

"Usijali, mwanangu. Mwenyeji amenishika mkono."

Mbao zikalia tena ndani ya ukuta. Hatua za watu wawili, zikiteremka.