Mbao za Juu ya Paa

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, na dada mmoja mwenye gauni la kitani lililojaa madoa ya rangi alikuwa akimng'ang'ania muuzaji: achukue bati jipya, ampe lile la uzio wa duka lililoliwa na kutu. Fundi rangi aliyesimama nyuma yake, ovaroli limenyooshwa pasi utadhani suti, akamwambia yeye hulipwa kuondoa uchafu wa namna hiyo. Akambatiza Mama Kutu. Dada akacheka, wakapeana namba, na mambo yakawa mambo.

Dada alimwambia anachora, basi. Hakumwambia kwamba zile mbao zilizopauka na kupasuka juu ya paa lake ndizo picha zenyewe. Alizipaka rangi tabaka kwa tabaka, akaziachia jua na mvua vizimalizie, kwa ajili ya maonyesho yake ya kwanza. Aliogopa kuchekwa na mtu anayeishi kwa kulainisha kuta.

Alipokwenda kumuuguza mama yake, fundi akapanda paani na msasa. Akazisugua mbao zote, akazipiga rangi ya krimu tabaka mbili, kisha akampigia simu.

"Mpenzi, nimekuandalia mbao safi za kuchorea."

Mchoraji alirudi na hasira. Alimwambia amemfutia miaka miwili ya maisha yake na asikanyage tena pale. Kila fundi alipopiga simu, alikata. Waandaaji wa maonyesho nao wakampa mtu mwingine ukuta aliotengewa.

Haki ya kukasirika mchoraji alikuwa nayo, nani atambishia? Lakini fundi naye alikuwa na ya kwake, akaja nayo mlangoni.

"Umeshanitukana, sasa nisikilize. Nimekula kwako, nimelala kwako, na hukuona nastahili kuambiwa unafanya nini. Ningejua, hizo mbao ningezilinda mimi."

"Ungenicheka."

"Ningecheka, halafu ungenifundisha."

Neno hilo lilimchoma mchoraji kwa sababu lilikuwa kweli, na hilo likamuudhi zaidi.

"Rangi naweza kuibandua," fundi akasema, sauti imeshuka. "Mvua siwezi kuirudisha."

"Mvua itarudi yenyewe, haibembelezwi." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Wewe ndiye niliyekufukuza, nikadhani hutarudi tena."

Wakapanda paani pamoja kuibandua krimu, kila mmoja na hasira zake.