Salamu Alizonyimwa Mzee Twalibu

Raya wa Bigwa hakuwa na simu, hakuwa na baiskeli, wala hakuwa na mdogo wa kumtuma dukani. Zaidi ya yote, hakuwa na subira. Akikaa, miguu ilicheza. Akila, macho yalikuwa mlangoni.

Jumamosi moja bibi yake, Bi Maimuna, alitoa sandukuni kadi ya zamani ya Idi, yenye maua yaliyopauka. Kwa neno zito kwenda kwa ndugu zake wa Kinole, milimani, hakutaka simu, alitaka kadi. Yeye husema, Raya huandika nyuma ya kadi.

"Andika: nawaalika kwenye ndoa ya binti yangu Mwaisha. Nawasalimu Dadi, Salum na wanawe, mdogo wangu Twalibu na mkewe..."

Nje wenzake Raya walipiga kelele. "We Raya, unaandika au unafuma mkeka? Mpira unaanza!"

Raya akamruka Twalibu na wote waliofuata, akaandika "na wengineo."

"Tayari, bibi!"

Siku chache baadaye, Mwanvita, muuza ndizi aliyepeleka kadi, alirudi amekunja uso.

"Shikamoo, Bi Maimuna. Mzee Twalibu haji. Anasema, 'Dada kawasalimu hata watoto, mimi kaniweka kwenye wengineo. Basi hao wengineo ndio wamwozeshe!'"

Bibi akakaa chini. Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye kauli ya ndoa; binti ataozwaje mjomba wake amenuna? Mwaisha, aliyesikia yote, akaanza kulia.

"Nilimtaja kwa mdomo wangu," bibi alisema.

Raya alitaka kusema kadi ilijaa. Akamtazama Mwaisha, akashindwa.

"Bibi, ni mimi. Nilimruka. Nilikuwa nawahi mpira."

Bibi akamgeukia. "Mjukuu wangu, mimi sijui kuandika. Nikikupa maneno yangu, nimekuamini. Ukiyapunguza, umesema uongo kwa jina langu, na anayeumia ni mwingine. Chukua karatasi. Safari hii andika maneno yako mwenyewe."

Raya aliandika, akafuta, akaandika tena: "Babu Twalibu, shikamoo. Bibi alikutaja. Kosa ni langu. Naomba unisamehe, uje." Kisha akamsalimu kila mtu kwa jina lake, akawasomea bibi, Mwaisha na Mwanvita kwa sauti.

Mwanvita akacheka. "Mzee yule hasira zake hazikai. Akisomewa hii, kesho anaulizia kanzu yake ya harusi."

Raya akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa viganja vyote viwili. Mwanvita akaifutika kwenye kanga kiunoni, akapanda pikipiki kuelekea Kinole.