Jani Juu ya Ndoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Loveth alipanda kilima cha kijiji chao huko Mamboya kwenda kuteka maji kwenye kioski cha maji. Aliichukia kazi hiyo. Mto ulipita karibu kabisa na nyumba yao, lakini tangu kioski kiwekewe taa ya mionzi inayoua vijidudu, mama yake hakutaka kusikia habari za mto. Ili maji yasimwagike akishuka, Loveth alichuma jani la gimbi mtaroni, akalilaza juu ya ndoo.

Pamoja na taabu yote hiyo, mdogo wake Yared alikuwa anaharisha tena. Alitoka zahanati juzi tu, na sasa macho yalikuwa yameingia ndani na uji hautaki.

"Nimechoka," alisema mama yao, Magreti. "Taa gani hii inayomlaza mtoto? Leo Fortunatus ataniambia. La sivyo, tunarudi mtoni."

Yared akaachwa kwa bibi. Mama akatangulia kupanda, Loveth nyuma na ndoo yake.

Fortunatus, msimamizi wa kioski, alikuwa anaosha chujio.

"Shikamoo," Loveth alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba Anitha, taa yako imekufa," Magreti alidakia.

Fortunatus alishusha pumzi. "Haijafa, Mama Loveth. Kila anayeumwa tumbo anakuja kuigombeza taa. Chujio naosha, kioo cha taa nafuta, maji yakiwa na tope nafunga bomba. Mnataka niiimbie?"

"Basi mbona mwanangu anaumwa?"

"Nitajuaje mimi?" Akajaza ndoo ya Loveth kwa hasira, huku wakiendelea kubishana.

Loveth alichoshwa na maneno yao, na shule alikuwa anachelewa. Akaenda mtaroni walikokuwa wakioga mabata, akachuma jani la gimbi, akalikung'uta tope na kulilaza juu ya maji.

Watu wazima wakaacha kubishana, wakalitazama lile jani.

"Hilo jani unaliweka kila siku?" Fortunatus aliuliza.

Loveth alitamani kusema huwa analiosha kwanza. Lakini alimkumbuka Yared. "Kila siku. Na huwa silioshi, nalikung'uta tu. Ndivyo nilivyofundishwa."

Magreti alitazama chini kwa aibu. "Nimemfundisha mimi," alisema. "Na mimi nilifundishwa na mama. Nisamehe, Baba Anitha."

"Taa inaua vijidudu vilivyomo ndani ya maji yanapopita mbele yake," Fortunatus alisema kwa upole. "Yakishatoka hapa, hayana ulinzi. Jani, kikombe, mkono mchafu, vyote vinayachafua upya. Kazi hii naianza mimi, mnaimaliza ninyi nyumbani."

Maji yale yakamwagwa. Magreti akaisugua ndoo kwa sabuni, na siku hiyohiyo akaitafutia mfuniko.

Wiki iliyofuata Yared alikuwa anafukuza kuku uani. Mfuniko, hata hivyo, ulikuwa umelegea. Loveth alifika nyumbani sare imelowa na maji ya ndoo yamepungua. Mama aliitazama ndoo, akafungua mdomo kumgombeza, kisha akaghairi.

"Maji machache yaliyo safi ni bora kuliko ndoo tele yenye ugonjwa," alisema. "Usafi ni kazi, mwanangu, na haina njia ya mkato. Yakiisha, utarudi tena. Kilima kipo palepale."