Hesabu ya Fundi Saa

Walikutana kwenye lango la uwanja, watu wakisukumana kuingia. Fundi saa, ambaye Jumamosi alikuwa refa wa mpira wa kikapu, alikanyaga kiatu cheupe cha msichana aliyevaa shati la kijivu la urefa kama lake, limenyooshwa kwa pasi, filimbi shingoni.

"Samahani, dada."

"Samahani haifuti doa. Kumbe leo nachezesha na wewe?" Kazi ya msichana ya siku zote ilikuwa unesi. "Sikiliza. Mpira ukiwa kwako, hesabu ni yako. Mimi nasimama chini ya kikapu, nachunga wasio na mpira. Tukitazama pamoja sehemu moja, tumekwisha."

Fundi aliitikia, lakini alikuwa ameshakwisha.

Miezi minne walipigiana simu kila jioni. Ikaja nusu fainali. Timu ina sekunde nane tu kuvusha mpira nusu ya uwanja, na fundi ndiye aliyepunga mkono kuzihesabu. Moja, mbili, tatu. Kule mbele nesi akafunga nywele zake upya. Nne ikapotea. Mkono ukabaki hewani, uwanja mzima ukazomea.

Wiki mbili nesi hakupokea simu. Alipopokea, sauti ilikuwa ya baridi.

"Wanasema tuliipanga ile mechi. Unanipenda au unaniharibia jina?"

"Nikikuona hesabu inanitoka, mpenzi. Sina ujanja."

"Jumamosi tuko pamoja tena. Ukikosea, futa namba yangu."

Jumamosi fundi hakumtazama hata mara moja, na ilimuuma kama jino. Alihesabu nane zote bila kosa. Dakika ya mwisho mchezaji akasukumwa chini ya kikapu, akaanguka, mdomo unavuja damu. Filimbi haikulia. Hilo lilikuwa eneo la nesi.

"Ulikuwa unatazama wapi?" msimamizi wa marefa alimuuliza.

Nesi aliinamisha kichwa. "Mkono wake. Nilikuwa nahesabu naye."

Msimamizi alivua miwani. "Sitawapanga pamoja tena."

Walitoka wamenywea.

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza.

"Sijui. Uwanjani tumeshindikana. Nioe tu."

Fundi alianza kuizungusha filimbi yake kidoleni.

"Nakupa sekunde tano," nesi alisema, akaanza kupunga mkono. Moja, mbili, tatu. Akamtazama usoni, na nne ikampotea.