Vumbi Jekundu na Sauti ya Mzee Nasr

Kila alasiri, mjini Sib, Oman, Mzee Nasr hukaa kibarazani na kahawa yake na tende. Husinzia macho nusu wazi. Nje jua linachoma, yeye anaota theluji.

Alipokuwa kijana, Unguja, alipata nafasi ya kusoma kilimo Marekani, jimbo la Utah. Sasa ana miaka themanini na ushei. Amepasuliwa saratani ya tezi ya shingoni, na ile sauti yake tamu ya kusoma Kurani imebaki mnong'ono. Mwenyewe alikwisha jua wa kumlaumu.

"Ni jicho la Msellem," alisema.

Msellem ni mdogo wake. Aliisifu sauti ile bila ya kusema mashaallah, na haukupita muda ikaanza kukwaruza. Tangu hapo hawasemezani. Ujinga mtupu, lakini nani atamwambia mzee?

Siku moja alikuja jirani yao Khawla, muuguzi wa wagonjwa wa saratani. Mzee alikuwa akimsimulia binti yake, Bashayer.

"Nimeliota tena lile vumbi. Jekundu, zuri, linashuka pole pole juu ya majani ya ng'ombe. Na sisi tunakunywa maziwa."

"Ami Nasr," Khawla akauliza, "umeliota tu, au uliliona?"

"Nililiona, wallahi. Wenyeji walisema kuna mabomu yanajaribiwa jangwani, jimbo la pili."

"Basi una haki ya fidia."

Mzee akakunja uso. "Fidia? Nshatoa! Saumu zote zilonipita kwa maradhi nimelisha maskini."

Bashayer alicheka mpaka akashika mbavu. "Siyo hiyo, Baba! Hii unalipwa wewe. Taawidh."

"Kwa lipi?"

Khawla akaeleza. "Yale yalikuwa mabomu ya nyuklia. Vumbi lake lina mionzi, sumu isiyoonekana. Lilianguka majanini, ng'ombe wakala, sumu ikaingia kwenye maziwa. Ukiyanywa, hukaa kwenye tezi ya shingo. Saratani huweza kuja miaka mingi baadaye. Marekani ina sheria ya kuwalipa walioishi sehemu zile wakati ule, wakapata maradhi kama yako. Lazima chuo kithibitishe uliishi kule, na hospitali ithibitishe ugonjwa. Maombi yana mwisho, msichelewe. Na msimpe pesa dalali anayeahidi mambo ya haraka."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo si jicho?"

"Si jicho, Ami."

Mzee hakuuliza habari ya malipo. Alilia.

Bashayer alikiandikia chuo, hospitali ikatoa cheti, maombi yakatumwa. Baada ya miezi mingi jibu lilikuja: yamekubaliwa. Lakini Mzee Nasr hakulingoja jibu hilo. Siku ile ile ya maneno ya Khawla alisema, "Nipeleke Bustan, kwa Msellem."

Msellem alifungua mlango, akaduwaa.

"Nimekudhulumu, ndugu yangu," Mzee Nasr alinong'ona. "Hukuwa wewe."

"Sema kwa nguvu! Miye siku hizi sisikii."

Mzee Nasr akamshika bega, akasogeza mdomo sikioni mwake, akasema tena.