Kama Hujambo, Bonyeza Moja

Jioni hiyo Renae Tollerud alishuka ngazi za chini ya ardhi, katika jengo la kaunti pale mjini Halvor, akiwa na chupa ya kahawa na kazi moja tu. Kuihamisha mashine.

Ilikuwa seva, kompyuta kuukuu, kubwa kama kabati la nguo. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ikifanya jambo lile lile. Kila siku, saa kumi na mbili jioni, iliwapigia simu wazee wanaoishi peke yao mashambani. Sauti ya mwanamke ilisema: "Habari za jioni. Ni mimi. Kama hujambo, bonyeza moja." Mzee akibonyeza, basi, imetosha. Asipojibu, polisi huenda kumtazama.

Sauti ile ilikuwa ya Ione Haugen, karani aliyeanzisha mpango huo. Hakuwa na mume wala mtoto. Namba ya kwanza katika orodha aliiandika yake mwenyewe, ili mashine impigie na yeye. Alikufa miaka minane iliyopita, akiwa peke yake. Jina lake likapigwa mstari. Sauti ikabaki.

Namba kumi na nne ilikuwa ya Orval Tollerud, mzee wa miaka themanini na mitatu. Baba yake Renae.

Kaunti ilikuwa imeamua kuipeleka seva kwenye wingu, yaani kwenye mashine za watu wengine, mbali, mahali usipoweza kugusa kitu. Renae alikuwa amekwisha kuchukua taswira yake: nakala nzima, kila faili na kila jina, tangu utosi hadi ukucha. Kilichobaki ni kuiosha na kuiamsha kule juu.

Kuiosha, ndiyo. Kazi hii nayo ina miiko yake. Taswira ya mashine ya kale haiamshwi hivi hivi. Kwanza unaifutia jina, unaifutia funguo, unaifutia kumbukumbu ya mahali ilipokaa. Usipoiosha itaamka ikidhani yenyewe ndiyo ile ya zamani. Na mwiko wa pili: usiamshe nakala kabla hujamlaza mwenyewe.

Simu ya ukutani ililia. Alikuwa Duane Fossum, mpokea simu za polisi ghorofani.

"Vipi, umeshamzika bibi kizee?"

"Bado namwosha."

"Basi mwogeshe upesi, dada. Tufani imeshatufikia. Barabara ya kaskazini tumeifunga, hata greda la theluji limerudi. Wazee wako usiku wa leo ndio wa kupigiwa."

"Watapigiwa, Duane."

Akatazama saa. Kumi na moja na nusu. Kuosha taswira kulitaka saa nzima. Na laini za simu za mashine ya zamani zilikuwa zikatwe siku hiyo hiyo, hakuna aliyejua saa ngapi.

Alimfikiria baba yake kule shambani, maili kumi na nane kwenye upepo. Hakuwa amemwona tangu Oktoba. Kumpigia pia hakumpigia. Ya nini? Mashine ilimpigia kila jioni, na kila asubuhi orodha ilimwambia Renae: hajambo.

Akaiamsha nakala bila kuiosha. Ile ya zamani akaiacha ikinguruma nyuma yake, ili moja ikishindwa, nyingine ipige.

Saa kumi na mbili kamili.

Majina yakaanza kutokea kwenye skrini ya nakala.

Namba moja. Ione Haugen. Amejibu.

Renae aliweka kikombe chini.

Alvin Brekke. Amejibu. Myrtle Sand. Amejibu... Majina yaliyopigwa mstari. Yote. Kwenye mazishi ya Myrtle, Renae ndiye aliyemenya viazi jikoni mwa kanisa.

Amejibu. Amejibu. Amejibu.

Kubonyeza moja ni kazi ya sekunde. Lakini mbele ya kila jina dakika zilikuwa zikihesabika. Moja. Mbili. Tatu. Chumba kikaanza kunuka sufu iliyolowa na kahawa iliyochemka mpaka ikakauka.

Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akafungua laini ya Myrtle.

Upepo. Saa ya ukutani, tik... tik... Halafu pumzi, karibu sana na sikio.

"Bado nipo," sauti ikanong'ona. "Mbona mliacha kunipigia?"

Aliifunga laini ile. Akageukia skrini ya mashine ya zamani, atafute jambo moja tu, namba kumi na nne.

Orval Tollerud. Simu inatumika.

Akarudi kwenye nakala.

Orval Tollerud. Amejibu. Dakika sita.

Akafungua.

"Sijala," baba yake alikuwa akisema. "Nile na nani?"

"Najua, Orval."

Sauti ya Ione. Ile ile ya miaka yote. Ila maneno haya hakuna aliyewahi kuyarekodi.

"Toka nje kidogo, Orval. Tuko wengi hapa barabarani. Huku kila mtu ana wa kuongea naye."

Mzee alicheka kidogo. "Wee Ione, tangu zamani wewe ni mtu wa kusumbua watu. Haya, ngoja nivae viatu."

"Viatu vya nini?"

Kiatu kikaanguka sakafuni.

"Kweli," akasema mzee. "Viatu vya nini."

"Baba!" Renae alipiga kelele. "Baba, usitoke!" Lakini laini ile ilikuwa ya kusikiliza tu. Vidole vyake vikakimbilia amri ya kuizima nakala. Akaandika jina la mashine. Akabonyeza.

Nyuma yake kitu kikashusha pumzi ndefu...

Feni za mashine ya zamani zilikuwa zinasimama. Moja, kisha nyingine. Mashine mbili, jina moja, funguo zile zile. Amri ilikuwa imemkuta asiyetafutwa. Mngurumo wa miaka kumi na tisa ukaisha, na Renae akasikia jinsi chumba kile kilivyo kitupu.

Nakala: dakika nane.

Masikioni mwake mlango ulifunguliwa. Upepo ukaingia.

Alinyakua simu ya ukutani. "Duane, toa greda. Baba yangu ametoka nje."

"Umejuaje?"

"Toa greda, Duane," alinong'ona. "Nakuomba, kaka yangu."

Walimkuta penye sanduku lake la barua, kando ya barabara, akiwa na shati na soksi tu, simu ingali mkononi. Alikuwa hai. Hospitali walimkata vidole viwili vya mguu vilivyoganda kwa baridi.

Renae alikaa kando ya kitanda chake hadi asubuhi. "Baba, alikuambia nini?"

"Aliniuliza nimekula nini. Akaniuliza habari za goti." Mzee alitazama dirisha. "Dakika kumi na moja, mwanangu. Wewe mara ya mwisho uliniuliza lini?"

Renae alimvutia blanketi miguuni.

Wajuzi walieleza. Orodha isiyooshwa haijui nani amepigwa mstari, na namba za marehemu hugawiwa watu wengine. Ndio hao waliojibu. Mzee mpweke naye husikia mengi. Nakala yenyewe waliikuta imejizima, dakika kumi na moja baada ya saa kumi na mbili. Sawa. Lakini dereva wa greda, mtu asiyependa maneno, alimwambia Duane kwamba theluji pale kwenye sanduku ilikuwa imekanyagwa duara zima, kama mahali watu wengi wamesimama wakimngoja mtu.

Renae alichukua taswira upya kutoka kwenye diski za zamani. Aliiosha mara tatu. Sauti ya Ione akaifuta, akaweka yake. Na baba yake sasa Renae humpigia mwenyewe, kila jioni saa kumi na mbili, amwulize amekula nini.

Wakishaagana, simu yake hulia.

Renae hayumo kwenye orodha yoyote. Ana miaka arobaini na mmoja, mzima wa afya, na nyumba ya kupanga isiyo na hata paka. Sauti ni ya Ione, ile aliyoifuta:

"Habari za jioni. Ni mimi. Kama hujambo, bonyeza moja."

Hubonyeza. Kila jioni hubonyeza. Ila siku hizi, na hili hajamwambia mtu, husubiri kidogo kwanza.