Picha ya Jiwe Tupu

Uliliona. Usiniambie hukuliona.

Gari jeupe, jenereta nyuma, msumeno wa kukatia mawe juu yake. Lilipita Kondoa mjini mchana kweupe. Ulikuwa unakunywa chai. Ukasema, "Mwekezaji huyo," ukageukia sambusa yako. Miaka ile kila mwenye gari jeupe alikuwa mwekezaji, na kila kitu kilikuwa ruksa. Viwanda ruksa. Ranchi ruksa. Sasa hata mlima.

Zaitun Athuman, askari wa mambo ya kale, hakugeuka.

Alikuwa analifuata juu ya pikipiki yake, Honda XL, gia ya nne, vumbi la barabara ya Kolo likimjaa menoni. Bastola ya Makarov kiunoni. Kamera ya Polaroid kifuani. Ndani ya koti, picha moja ya rangi ya jiwe la Kolo.

Redio ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Batholomeo, mkuu wake, ofisini Kondoa.

"Zaitun, geuza."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Geuza nimesema! Yule Thomas wa gari jeupe ana kibali."

"Cha kukata michoro ya kale?"

"Cha kuchimba mawe ya urembo. Wakubwa wameona picha ya lile jiwe. Ni tupu. Wewe unaona nini mle?"

"Naona togwa, mzee."

"Umekunywa?"

"Kila mwaka kabla ya mvua, wazee wa Kolo humwaga togwa ya mtama juu ya jiwe lile. Bibi yangu alimwaga mwaka wa njaa. Inateremka, inakauka, inabaki mstari mweupe toka juu mpaka chini. Kwenye picha hii mstari unaanza juu, unapotea katikati, unaibuka tena chini. Togwa iliruka? Pale unapopotea ndipo walipo wale watu wekundu waliochorwa na wahenga. Kuna mtu amewafuta kwa kompyuta, akafuta na togwa iliyopita juu yao."

"Mh. Andika ripoti. Jumatatu tutakaa kikao."

"Jumatatu jiwe litakuwa melini, mzee."

"Hilo ni agizo, mwanangu."

"Sikupati, mzee. Milima hii."

Alikuwa anampata vizuri kabisa.

Akazima redio.

Pikipiki aliiacha chini. Alipanda kwa miguu huku jenereta ikinguruma kule juu mlimani. Wameshaanza? Akaongeza mwendo.

Hawakuwa wameanza. Thomas, mpiga picha wa vitabu vya watalii, alikuwa na kamera mbili za Nikon shingoni na msumeno mkononi. Nyuma yake, watu wekundu warefu, wembamba, ambao wamesimama pale tangu kabla ya vijiji kuwapo. Chaki ilikuwa imewazungushia mraba, kama ng'ombe waliopigwa alama ya mnada.

Pembeni alichuchumaa Masudi, mwenye studio Dodoma. Kazi yake kufuta. Nguzo za umeme kwenye postikadi za vivutio, chunusi kwenye nyuso za maharusi.

"Dada, leo pamefungwa," Masudi akacheka. "Watalii kesho."

"Kaka Masudi, hongera. Umefuta hadi togwa."

"Ule uchafu?"

"Uchafu wa bibi yangu."

Kicheko kikakatika.

Thomas alimtazama bila haraka. "Mama, hapa hakuna kitu," akasema kwa Kiswahili cha darasani. "Picha inasema hakuna kitu. Nikimaliza, nani atakuamini?"

Zaitun akainua Polaroid.

Mwanga ukapasuka. Thomas, msumeno, mraba wa chaki, watu wekundu, mstari wa togwa. Vyote pamoja. Kamera ikatema picha papo hapo.

"Hii haipiti studio kwa Masudi," akasema.

Thomas akawasha msumeno. Hakumfuata Zaitun. Aligeukia jiwe.

Meno yakagusa mguu wa mtu wa kwanza. Vumbi jekundu likaruka.

Makarov ikabweka mara moja. Jenereta ikakohoa, ikatetemeka, ikafa. Msumeno ukanyamaza. Thomas akautupa, akamrukia. Zaitun akakwepa, akampiga ngwara, Thomas akaanguka kifudifudi. Nikon mbili zikapasuka chini ya kifua chake. Pingu zikalia.

"Mimi nilitumwa tu, dada yangu," Masudi akalia.

"Utasimulia."

Akawasha redio.

"Mzee, lete gari. Nina picha."

"Picha gani tena?"

"Ya kile mnachosema hakipo."

Akashuka mlima polepole, Thomas na Masudi mbele yake, akiipepea picha ikauke. Hakuangalia nyuma.

Jiwe limebaki. Mtu wa kwanza ana kovu mguuni. Lakini ile picha tupu haijatolewa kwenye jalada, na kibali hakijafutwa, kimebadilishwa jina tu. Zaitun aliandika ripoti. Kikao cha Jumatatu kiliahirishwa. Kinaahirishwa bado.

Sasa wewe.

Ulipanda Kolo na wenzako wa shule. Ulipiga picha umeshika kiuno, mbele ya watu wekundu, togwa ikionekana begani kwako. Iko kabatini, chini ya mashuka. Unaionea haya kwa sababu ya suruali ile pana.

Itoe. Usiikate, usiipeleke studio ikasafishwe. Andika nyuma yake jina lako na mwaka, ipeleke ofisi ya kijiji, usimame pale mpaka wabandike ukutani. Kila anayeingia aone jiwe halikuwa tupu.

Leo. Gari jeupe jingine limeshapita Chamwino, linakuja huku.

Weka kikombe chini. Nyanyuka.